Nani Anapuliza Upepo kwenye Picha?

Ukichukua picha ya mti, ukakaa na tarakilishi hadi majani ya mti huo yaanze kutikisika, umesema uongo?

Usijibu haraka. Wasee wengi ninaowauliza hunijibu "zii" papo hapo. Nikiwauliza swali lilo hilo kuhusu picha ya mtu, wananyamaza kidogo. Programu ni ile ile, laptopu ni ile ile, na picha zote mbili ni nukta za rangi tu. Mbona kwa mti tunasema ni urembo, halafu kwa mtu roho inasita?

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanyika, maana ukielewa mtambo ndipo unapata pa kulishikia swali la maadili.

Mwaka 2000, Arno Schödl na wenzake watatu walichapisha kazi waliyoiita Video Textures. Ujanja wao ulikuwa mwepesi kueleza. Chukua video fupi ya mshumaa unaowaka, tafuta fremu mbili zinazofanana sana, kisha ruka kutoka moja hadi nyingine. Ukiruka vizuri, jicho halioni kiungo, na mshumaa wa sekunde chache unawaka bila kuisha. Lakini bado ulihitaji video. Kila fremu uliyoiona ilikuwa imepigwa kweli, na kilichobadilika ni mpangilio tu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2005, Yung-Yu Chuang na wenzake, wengi wao wakiwa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, waliondoa hata hiyo video. Walianza na picha moja iliyotulia. Mtu anaikata picha hiyo matabaka: mti kivyake, maji kivyake, mashua kivyake, mawingu kivyake. Nyuma ya mti, mahali ambapo kamera haikuona kitu, pengo linazibwa kwa kukisia. Kisha kila tabaka linapewa mwendo. Mwendo huo unatoka wapi? Kwenye kelele.

Umewahi kupanda matatu yenye skrini ya muziki, ile mistari ya taa inayopanda na kushuka, besi upande huu na sauti nyembamba upande ule? Hiyo ni hesabu ya Joseph Fourier, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake kuhusu joto mwaka 1822. Mtikisiko wenye fujo unaweza kuvunjwa ukawa mawimbi mepesi, mengine ya polepole na mengine ya haraka. Na ukiweza kuvunja, unaweza kujenga. Kina Chuang walichukua nambari za kubahatisha, hiyo ndiyo kelele, wakazichuja yabaki mawimbi yanayofaa tawi au maji, kisha wakaigeuza hesabu ya Fourier kinyume. Wakapata ramani inayoambia kila pikseli isogee wapi na wakati gani. Tawi likaanza kwenda na kurudi. Walifanya hivyo kwa picha za kamera na hata kwa picha zilizochorwa kwa rangi.

Mimi Fourier nilikutana naye chuoni nikamwona adui. Niliacha masomo mwaka wa pili, ada ilipogoma, na yeye nimepatana naye baadaye kwenye YouTube, usiku, bila mtihani. Labda ndiyo maana hesabu yake hunifanya niwaze mambo ambayo mhadhiri hakuuliza.

Jambo la kwanza ni hili: upepo unaoonekana kwenye mti huo si wa siku ile. Upepo wa siku ile ulipita, haurudi, na hakuna aliyekuwa akiutafuta. Huu wa sasa ni upepo wa nambari. Tena unazunguka tu, hauna mwanzo wala mwisho, kwa hivyo hausemi kwamba kuna jambo lilitokea. Mti umetikisika, haya, basi? Miti hutikisika. Hakuna habari uliyopewa, kwa hivyo hakuna habari ya uongo.

Jambo la pili liko kwenye mpaka waliojiwekea wenyewe. Walisema mapema kwamba watashughulika tu na vitu visivyojiendesha, vile vinavyosukumwa na nguvu za asili. Walikuwa wanaongea kihandisi: tawi lina hesabu inayojulikana, binadamu hana. Lakini mimi nikiutazama mpaka huo naona umepita karibu sana na mpaka wa maadili, hata kama waliouchora hawakuwa wanautafuta.

Kiswahili chenyewe kinaujua mpaka huu. Jani hutikisika. Ile "-ika" mwishoni inatuambia kwamba jani limefanyiwa, halikuamua. Mtu naye hutikisika, kwa mfano matatu ikifunga breki ghafla. Lakini mtu hutabasamu, wala hakuna mtu "anayetabasamika". Tabasamu lina mwenyewe. Ni jibu kwa kitu fulani, kwa mzaha au salamu, kwa aibu, kwa mtoto anayepita. Ukiliweka tabasamu kwenye uso ambao haukutabasamu, umesema kuna kitu mtu huyu alikijibu. Hiyo ni habari, na si ya kweli.

Kwa miaka mingi mpaka huo ulilindwa na ugumu wa kazi. Siku hizi haulindwi na chochote. Februari 2021, kampuni ya MyHeritage ilitoa huduma ya Deep Nostalgia, kwa teknolojia ya kampuni nyingine iitwayo D-ID. Unapakia picha ya babu, na babu anageuza shingo, anapepesa macho, anatabasamu kidogo. Mwendo wenyewe ulitoka kwenye video za watu wengine zilizorekodiwa tayari, ukavalishwa uso wa babu. Kampuni ilisema iliacha sauti nje makusudi, kuzuia watu wasitumie vibaya. Kwa hivyo hata wao walihisi kuna mahali pa kusimama. Waliamua tu kwamba mahali hapo ni mdomoni.

Kisha mwaka 2024, kazi ya watafiti wa Google iitwayo Generative Image Dynamics ilituzwa kwenye mkutano mkubwa wa CVPR. Hapo hakuna tena mtu wa kukata matabaka. Mashine imetazama video nyingi za miti, maua, mishumaa na nguo zikipeperuka, ikajifunza yale yale mawimbi ya Fourier, na sasa ukiipa picha moja inakisia yenyewe kila kitu kingetikisika vipi. Hawa nao walijikita kwenye vitu vinavyopepea. Lakini programu nyingine zilizojaa kwenye simu zetu hazichagui. Jani, maji, shavu la mtu, yote ni pikseli za kusogeza.

Mkate wangu unatoka hapo karibu. Mbali na kuandika, natengeneza video za mazishi: wasifu wa marehemu, picha za ujana, wimbo, dakika nne za kuonyeshwa kwenye skrini chini ya hema. Mwaka jana mteja mmoja alinitumia picha ya mamake kwa WhatsApp. Mama amesimama kando ya mahindi, leso kiunoni, uso umekazwa kama watu wa zamani walivyokaza mbele ya kamera.

"Nataka acheke," akaniambia kwenye simu. "Hata kidogo tu."

"Dada, mahindi naweza kuyapepesha. Hata pindo la leso. Uso siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki."

Akanyamaza. Halafu akasema, bila hasira, "Sawa. Lakini huyo hakuwa mamako."

Kazi ikaenda kwa mtu mwingine, na shilingi 6,000 zikaenda nayo. Nilizihitaji hizo pesa. Lakini kinachonikaa zaidi ni sentensi yake, kwa sababu ni hoja nzito kuliko nyingi nilizosoma vitabuni. Uchungu ni wake. Mama ni wake. Mimi ni nani, kijana wa laptopu, nimpangie mtu aliyefiwa namna ya kufarijika?

Nimeipima hoja hiyo mara nyingi. Nakubali nusu yake. Yeye anakijua kicheko cha mamake, mimi sikijui. Lakini hapo hapo ndipo hoja inapoanguka kwangu: mashine pia haikijui. Kicheko ambacho ingetoa kingekuwa wastani wa vicheko vya watu wengine, kimevalishwa mashavu ya mama yule. Binti anacho kicheko halisi kichwani, na naogopa kwamba akitazama kile cha mashine mara mia moja, cha mashine ndicho kitakachokuja akifumba macho. Faraja inayokula kumbukumbu ni mkopo wenye riba mbaya.

Roland Barthes, Mfaransa mwingine, alifiwa na mamake mwaka 1977. Kwenye kitabu chake kuhusu picha, kilichotoka mwaka 1980, anaeleza kwa kurasa kadhaa picha moja ya mamake akiwa mtoto wa miaka mitano, ambayo ndani yake alimpata mama yake kamili. Kitabu kina picha nyingi. Hiyo moja hakuichapisha. Aliona kwamba kwetu sisi ingekuwa picha ya kawaida ya mtoto. Nguvu ya picha ile ilikuwa kati yake na mamake, na mtambo usingeweza kuizalisha kwa ajili ya mtu mwingine.

Kuna mtu ataniambia: wewe unajifanya picha ni takatifu, na picha zimedanganya tangu zianze. Kweli. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 kulikuwa na wapigapicha wenye vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Mtu aliyekuja pwani kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Ndege haikuwepo. Je, ile si habari ya uongo pia?

Ni uongo, lakini angalia nani aliusema. Mwenye uso alichagua pazia. Alichagua shati, akachagua kukunja mikono au kuiweka mfukoni. Hata ule uso mkavu wa mama wa mahindi ulikuwa chaguo: mbele ya kamera, aliamua kusimama kama mtu mwenye heshima zake. Picha ya Likoni ni ndoto ya aliye ndani yake. Tabasamu la mashine ni ndoto ya aliye nje. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Swali si kama picha ina kitu kisichokuwepo. Swali ni nani alikileta, na kama mwenye uso angekipokea.

Ukitaka kuona tofauti hiyo ikiwa uchi, nenda Kambodia. Mjini Phnom Penh, utawala wa Khmer Rouge uligeuza shule ya sekondari kuwa gereza, Tuol Sleng, na kila aliyeingia alipigwa picha. Walionusurika ni wachache mno. Aprili 2021, tovuti ya VICE ilichapisha picha hizo zikiwa zimetiwa rangi na msanii mmoja, na watu wakagundua kwamba baadhi ya wafungwa sasa walikuwa wanatabasamu, ilhali kwenye picha za asili hawakutabasamu. Wizara ya utamaduni ya Kambodia ikataka ziondolewe, na zikaondolewa. Fikiria tabasamu lile linafanya nini. Linamwambia mtazamaji kwamba pale mlangoni kulikuwa na nafasi ya kutabasamu. Kazi ya miaka ya waliotunza ushahidi inaharibiwa na pembe mbili za mdomo.

Sisi pia tuna picha za namna hiyo. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na picha yake iliyosambaa sana ni ile amelazwa, mikono imefungwa pingu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waliosambaza picha ile walitaka Waafrika waone mtu aliyeshindwa. Wengi wetu leo tukiitazama tunaona kitu kingine kabisa. Pikseli ni zile zile. Picha ilitulia, na kutulia kwake ndiko kulikotuachia nafasi ya kuisoma upya. Kama kungekuwa na mashine mwaka 1956, na mtu akaifanya shingo ile iiname kidogo, kama ya mtu anayekubali makosa, tungerithi nini? Kila anayeshika kitufe huwafanya wafu waitikie upande wake. Na tangu tarehe 25 Juni 2024 rika langu lina nyuso zake ambazo wengi wetu tunazijua kwa picha tu. Nikifikiria siku moja mtu atazifanya zitikise kichwa kwamba "tumesamehe", nywele zinanisimama.

Hata hivyo sitaki kujipa ushindi rahisi, kwa sababu sheria yangu ya jani na uso ina tundu. Nilisema jani halitoi habari. Lakini maji je? Mwaka 2021 Aleksander Holynski na wenzake walionyesha namna ya kuchukua picha moja ya maporomoko au mto na kuyafanya maji yatiririke bila kukoma. Mashine inajua mito hutiririka, kwa hivyo inaitiririsha. Sasa chukua picha ya mto uliopigwa siku ambayo maji yalikuwa yamesimama, madimbwi tu, ipeleke mashine iupe mkondo, halafu iweke kwenye tangazo la kuuza ploti. Hakuna uso hapo. Hakuna aliyetabasamishwa. Na bado mtu atauza ng'ombe wake kununua shamba lenye mto ambao hautembei.

Kwa hivyo mpaka haupiti kati ya vitu na watu. Unapita kati ya mwendo ambao hakuna atakayeuegemea na mwendo ambao mtu atauegemea kama ushahidi. Jani la mapambo hakuna anayeliegemea. Mto wa ploti mnunuzi ataulalia. Na uso wa binadamu tunauegemea kila siku tangu tukiwa watoto wachanga. Tunausoma kabla hatujajua kusoma, na hatuwezi kujizuia. Ndiyo maana hata kupepesa macho, ambako si tendo la hiari na kungeweza kuhesabiwa pamoja na majani, kunanisumbua. Jicho linalopepesa linasema "nipo, nakuona". Kwa marehemu, hilo ni neno kubwa kuliko tabasamu.

Kuna methali yetu inayosema maiti haulizwi sanda. Watu huitumia kumaanisha kwamba asiye na sauti atapewa tu chochote. Nimeanza kuisikia tofauti. Angalia sanda yenyewe ilivyo: kitambaa cheupe, kile kile kwa tajiri na kwa kibarua. Kwa kuwa maiti haulizwi, waliotutangulia hawakusema "basi tumvalishe tunavyopenda". Walichagua kitu cha chini kabisa, kisichoweza kumsingizia mtu tabia wala cheo ambacho hakuwa nacho. Anapokosekana wa kuuliza, adabu ni kupunguza.

Nikiirudisha kwenye picha, inanipa kanuni ninayoweza kufanyia kazi Jumatatu asubuhi. Mahindi yapepee, kwa sababu hayamsingizii mtu. Mawingu yapite. Mahali ambapo mtu atategemea mwendo huo kuamua jambo, aambiwe wazi, juu ya picha yenyewe na si kwa herufi za chungu, kwamba umetengenezwa. Na uso wa asiyeweza kuulizwa ubaki alivyouacha.

Sijui kama ningeweza kumwambia mteja wangu haya yote kwa simu. Pengine angenijibu vile vile, na bado angekuwa na haki ya kunijibu. Lakini methali inaacha mlango mmoja wazi: maiti haulizwi, aliye hai anaweza kuulizwa. Mamangu nimeshamuuliza. Alicheka sana, halafu akasema nimwekee ile picha ya harusi ya binamu yangu, na nisiguse kitu, kwa sababu siku ile viatu vilikuwa vinamuuma na anataka ionekane kwamba alivumilia. Yangu pia nimeiandika na kumwachia dada yangu. Nyuma yangu wapepeshe miti wanavyotaka. Uso waache.

Wewe wako umemwambia nani?